Pamba chumba ukiwa umelala, sio ukiwa umesimama mlangoni

Habari mhariri na wasomaji wenzangu, swali la wiki hii mmeuliza hivi: chumba cha kulala kidogo unakipambaje kiwe kyuti na cha kudekea bila kukijaza pomoni, na ukiambiwa uanze na kitu kimoja tu utaanza na kipi? Jibu langu refu kidogo mnivumilie, hii ndo mada yangu na mtu akinigusa hapa silali.

Kabla hujanunua chochote nenda kalale kitandani. Yani lala chali kabisa kichwa kwenye mto alafu angalia unaona nini. Wengi wetu tunapamba chumba tukiwa tumesimama mlangoni kwa sababu picha zote tunazozifuata mtandaoni zimepigwa kutokea mlangoni, kitanda kimenyooshwa, mito imepangwa mistari mitatu, kila kitu kinatazama kamera, ila wewe mwenye chumba mlangoni pale unasimama sekunde ngapi? Muda wako mwingi humo ndani uko umelala au umeegemea mchagoni na simu mkononi. Na ukilala unaona vitu tofauti kabisa, unaona dari, unaona balbu inakuchoma macho, unaona juu ya kabati kuna mabegi na maboksi ya viatu, unaona pazia limeishia katikati ya ukuta, na unaona ule ukuta wa miguuni ambao kwenye picha hata hautokei. Hivyo ukivishughulikia chumba kishabadilika sana na hujanunua hata mdoli mmoja.

Nianze na taa manake hapa ndo penye maneno. Ile taa moja ya katikati ya dari inafaa kutafutia hereni iliyodondoka, basi. Inamwaga mwanga sawasawa kila mahali, kona zote zinaonekana, vumbi linaonekana, na ukilala inakutazama usoni moja kwa moja. Chumba cha kudekea kinataka mwanga utoke chini chini na utoke sehemu zaidi ya moja, taa ya mezani kando ya kitanda, nyingine labda juu ya droo upande wa pili, na kama unapenda zile taa ndogondogo za uzi basi na hizo. Mwanga ukiwa mwingi sehemu moja na sehemu nyingine pakabaki na giza kidogo, jicho halihesabu tena kuta nne na udogo wa chumba unasahaulika.

Balbu yenyewe sasa. Kwenye boksi kuna namba inaishia na herufi K, hiyo ni Kelvini, inakwambia rangi ya mwanga. Tafuta 2700, au 3000 kama hiyo haipo, huo ni mwanga wa njano laini. 4000 ni ya ofisini, na 6500 ni nyeupe inayoelekea bluu, hiyo chumbani kwangu haiingii hata kwa bahati mbaya. Watu wanachanganywa hapa kwa sababu namba inavyopanda ndo mwanga unavyozidi kuonekana wa baridi, mtu anaona 6500 anajua ndo bora zaidi. Alafu usiangalie wati, angalia lumeni, balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, na LED inazitoa kwa wati 8 au 9 tu, kwaiyo kwa taa ya kando ya kitanda lumeni 400 au pungufu zinatosha sana. Na hili la njano sio urembo peke yake, mwanga wenye bluu nyingi usiku unaufanya ubongo uchelewe kutoa melatonini, ile homoni inayoandaa mwili kulala, sasa umetengeneza chumba cha kulala alafu taa inakukatalia usilale jamani.

Kitu kingine ambacho wauzaji wengi hawakuambii, kuna namba inaitwa CRI au Ra, mwisho wake ni 100, inaonyesha balbu inatoa rangi za vitu kwa ukweli kiasi gani. Ikiwa chini ya 80 ile pinki yako uliyoichagua kwa mapenzi yote inageuka kijivu cha ajabu usiku na unaanza kulaumu rangi. Ukipata 90 na kuendelea chukua.

Zile taa za uzi mimi nazipenda lakini kuzizungusha dari nzima kona zote nne hapana, chumba kinakuwa kama ukumbi wa sherehe. Zifiche nyuma ya ubao wa mchagoni au nyuma ya pazia jepesi, uone mwanga usione waya. Ziwe za LED manake hazichemki sana, ile adapta yake isifunikwe na nguo wala blanketi, na usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Mishumaa karibu na pazia kwenye chumba kidogo sitaki hata kuijadili, zipo za betri.

Haya, kitanda. Piga hesabu kidogo: chumba cha mita 2.5 kwa 3 ni mita za mraba 7.5, kitanda cha sentimita 140 kwa 190 kinakula karibu 2.7, yani zaidi ya theluthi ya sakafu imeondoka. Kwaiyo ukisema unapamba chumba hicho ukweli ni kwamba unapamba kitanda, vingine vyote ni wasindikizaji. Nikiwa na bajeti ndogo ningeimalizia karibu yote hapo. Duveti au blanketi la juu liwe kubwa kuliko godoro, lining'inie kama sentimita 30 hadi 40 kila upande, manake linafunika uvungu na kitanda kinaonekana kimejaa, wakati duveti la saizi ileile ya godoro linafanya kitanda kionekane kimevaa nguo ya mdogo wake. Upande wa kushukia acha angalau sentimita 60 upite bila kujigonga goti, na kama hazipatikani pande zote mbili sukuma kitanda ukutani usione aibu, ukikiweka katikati eti ndo kanuni unapata vichochoro viwili ambavyo havina kazi yoyote.

Kwenye vitambaa siri ni mguso sio maua. Ukiwa na rangi chache unaweza kucheza na vitambaa vingi, shuka la pamba lililo laini, foronya zenye mkunjokunjo, blanketi la kufuma miguuni, mto mmoja wa velveti au wa manyoya, vyote krimu na pinki mpauko tu, na jicho halichoki. Ukifanya kinyume chake, shuka la maua, pazia la mistari, zulia la vidoti, foronya za katuni, kila kimoja ni kizuri peke yake ila vikikaa chumba kimoja kidogo vinapigana na wewe umelala katikati ya vita. Na tafadhali mito ya mapambo isizidi ile unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja kwenda kuiweka pembeni usiku, ikizidi hapo itaishi sakafuni. Kwa wanaoishi kwenye joto msiingizwe mkenge na zile picha za blanketi tano, kudeka hakuhitaji kutoka jasho, pamba nyepesi au kitani, alafu lile blanketi zito likae limekunjwa miguuni kama pambo, likihitajika lipo.

Zulia nitasema kidogo tu. Dogo likielea katikati ya sakafu linaonekana limedondoshwa. Bora liingie chini ya kitanda na kutokeza pale unapoweka miguu asubuhi, mahali pengine hakuna atakayeligusa.

Pazia ndo watu wanapoliwa. Fimbo ya pazia ipandishe karibu na dari, acha sentimita 10 au 15 hivi, na itokeze nje ya dirisha kama sentimita 15 hadi 20 kila upande, alafu pazia lishuke mpaka sakafuni. Ukilala chini jicho linapanda na lile pazia mpaka juu na dari inaonekana imeenda mbali, na mchana ukilifungua kitambaa kinakaa pembeni ya dirisha hakizibi mwanga. Upana wa kitambaa uwe kama mara mbili ya fimbo la sivyo ukilifunga linatandazwa kama shuka kwenye kamba na mikunjo yote inapotea. Pazia fupi linaloishia kwenye kingo ya dirisha linaukata ukuta vipande viwili, na ukuta wenyewe ulikuwa mdogo tayari.

Rangi ya ukuta: chagua, alafu shuka hatua moja kwenda iliyofifia zaidi ya hiyo. Kuta zinarudishiana mwanga, kwaiyo rangi iliyoonekana ya upole kwenye kikaratasi cha dukani ikiingia kuta nne za chumba kidogo inakolea. Paka kwenye karatasi kubwa, ibandike, iangalie asubuhi, mchana, na usiku ukiwasha taa utakayotumia kweli. Na kwa kuwa tumekubaliana tunapamba tukiwa tumelala, dari nayo ipake rangi ileile ya ukuta au iliyofifia zaidi yake, ule mstari wa kukutana ukuta na dari unafifia na chumba kinakuzunguka vizuri. Mwenye nyumba akikataa rangi usigombane naye, kitambaa kikubwa nyuma ya mchago kinafanya kazi hiyohiyo, na vile vibanio vya kubandika vinashika vizuri ukiufuta ukuta kwanza na kuuacha ukauke kabla ya kuning'iniza kitu.

Sasa tuje kwenye huo ukyuti wenyewe, nimeuweka huku kwa makusudi. Watu wanadhani chumba kyuti ni chumba chenye midoli mingi, mimi nabisha. Mwaka 1943 mwanasayansi wa Austria anaitwa Konrad Lorenz aliandika kuhusu maumbo yanayotufanya tuone kitu kinapendeza na tutake kukitunza, kichwa kikubwa, macho makubwa, mashavu ya mviringo, umbo nene fupi, yani sura ya mtoto mchanga. Mwangalie Hello Kitty aliyebuniwa Japani mwaka 1974, kichwa kikubwa kuliko mwili, kila kitu mviringo, mdomo hata hana. Maana yake kwetu ni kwamba ukyuti uko kwenye umbo, na umbo unaweza kulipata kwenye vitu ambavyo unavihitaji hata hivyo. Taa ya mezani yenye kofia ya duara, kioo chenye kichwa cha upinde, kistuli kinene kifupi badala ya kimeza cha pembe kali, vishikio vya droo vya mviringo, ukingo wa foronya wenye mawimbi. Hivyo havikuongezei kitu hata kimoja ndani ya chumba, vimechukua tu nafasi ya vile vyenye kona.

Vile vya kupenda tu, midoli, vikopo, stika, picha, vipe sehemu moja, rafu moja au kona moja, na hiyo kona iwe kwenye ule ukuta wa miguuni ambao ukilala unautazama. Vikikaa pamoja vinaonekana ni mkusanyiko wa mtu anayevipenda, vikitawanywa kila mahali ni vurugu mechi. Rafu nzito usiipige juu ya mchago, hata kama picha ilikuwa nzuri, kichwa chako kipo chini yake usiku kucha. Na midoli ya manyoya inafuga vumbi na vile vidudu vidogo visivyoonekana vinavyowasumbua wenye mzio na pumu, ifue kwa maji ya nyuzi 60 kama lebo inaruhusu, ikikataa itie kwenye mfuko uiweke friza siku moja au mbili vife, alafu uifue kawaida manake baridi inaua tu haiondoi uchafu wake. Kama hiyo kazi inakuchosha kuisoma tu, basi mdoli mmoja.

Vya kuficha vyote viende uvunguni kwenye maboksi yenye mfuniko, ndo maana nikasema duveti lining'inie. Juu ya kabati pabaki peupe, au kama hakuna namna weka vikapu viwili vinavyofanana, mabegi yakae ndani yake. Kioo kiweke ukuta wa ubavuni mwa dirisha kitawanye mwanga, ila kwanza angalia kitakuwa kinatazama nini, kikitazama rundo la nguo sasa una marundo mawili. Mimea weka kwa sababu ni mizuri tu, ile hadithi kwamba chungu kimoja cha maua kinasafisha hewa ya chumba imetokana na majaribio ya NASA, lile shirika la anga la Marekani, ya mwaka 1989 yaliyofanyika kwenye visanduku vilivyofungwa, na chumba chako kina mlango na dirisha.

Sehemu ya pili ya swali, kitu kimoja cha kuanzia. Najua wengi watasema zulia, wengine kioo, na hao wa kioo nawaelewa. Mimi naanza na taa ya kando ya kitanda, kofia ya kitambaa, balbu ya 2700, na kama mfuko unaruhusu iwe na swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha tu na balbu imeandikwa inapunguzika la sivyo itakuwa inapepesa mpaka uichukie. Zulia zuri chini ya taa mbaya halionekani, ila shuka la zamani lililofuliwa likipigwa na mwanga wa njano kutoka pembeni linapendeza, jaribuni leo usiku hata na taa ya kuazima, zimeni ile ya juu, mlale, mwangalie.