Bega bandia: jioni mgonjwa anacheka, subirini usiku

Wadogo zetu mnaoanza wodi ya mifupa hapa Mbeya, ndugu wa mgonjwa watawauliza: "Akibadilishwa bega asubuhi, jioni si tunaondoka naye?" Marekani, bima ya serikali ya wazee, Medicare, iliacha mwaka 2021 kulazimisha kwamba upasuaji huu ufanyike kwa kulazwa tu. Lakini hata wapasuaji wanaoupenda utaratibu huo wa kurudi nyumbani siku hiyohiyo humchagua mgonjwa kwanza: moyo, mapafu, kiwango cha damu, kukatika pumzi usingizini, na nani atalala naye nyumba moja.

Kosa la wanaoanza ni kumpima kwa hali ya saa 10 jioni. Amekaa, anakunywa uji, bega haliumi hata kidogo. Hiyo ni ganzi. Sindano moja ya ganzi ya shingoni hukaa kama saa 12 hadi 18, kwa hiyo iliyochomwa saa 2 asubuhi itamtoka kati ya saa 2 na saa 8 usiku, na maumivu huja kwa kishindo. Paracetamol gramu 1 ianze saa 12 jioni kabla hajaumwa, kisha kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Peke yake haitoshi. Dawa kali aliyoandikiwa ndugu awe nayo mkononi kabla ya kutoka getini. Asibaki na cheti cha kutafutia duka usiku wa manane.

Hapo ndipo barabara inapoingia. Wa Uyole, hapa jijini, bajaji itamrudisha hospitali. Wa Makete, mbali huko mkoani Njombe, hana njia hiyo usiku, kwa hiyo apate ndugu wa kulala kwake mjini, la sivyo alazwe. Sisi tungemlaza bila kubishana.

Ganzi hiyohiyo hulegeza upande mmoja wa kiwambo cha kupumulia. Mwenye mapafu mazima mara nyingi hahisi kitu. Bibi aliyepikia kuni maisha yake yote, mlango umefungwa kwa baridi ya Juni, atahisi. Mpimeni oksijeni ya damu akiwa hapewi oksijeni ya mashine, amejilaza, kabla ya kumruhusu. Kope kulegea na sauti kukwaruza kwa kawaida vitaondoka na ganzi. Waambieni ndugu mapema wasidhani kapooza.

Jingine, kabla ya ganzi: gusa ngozi ya nje ya bega uone kama anahisi, kisha mwambie asukume kiwiko nje huku umeshika msuli ukikaza. Andika kwenye faili. Usipoandika, neva ya kwapa, inayohudumia ngozi na msuli huo, ikija kuonekana imeumia, hakuna atakayejua kama ilianza kwa ajali au kwa kisu.

Kwa bega la kinyume, lile ambalo tufe hufungwa kwenye mfupa wa bapa na kikombe juu ya mfupa wa mkono, hatari kubwa ya kuteguka ni mkono kwenda nyuma: kujisukuma ainuke kwenye kigoda, au kufungia khanga mgongoni. Choo cha kuchuchumaa husahaulika kabisa. Ndugu wachimbie mti imara upande wa mkono mzima, na mgonjwa ajaribu kuinuka kwa mkono huo mmoja wiki moja kabla ya upasuaji. Akishindwa, andaeni kitanda wodini.