Piga Picha Kwanza, Rimu Zitafuata

Tangu picha ya gari langu ichaguliwe kuingia katika kalenda ya wamiliki wa Mazda MX-5, gari dogo la michezo lenye viti viwili, pongezi hazijakoma, nami sitajidai mnyenyekevu: kila moja nimeifurahia. Pamoja na pongezi hizo umekuja ujumbe wa kijana mmoja aliyenunua gari lake la kwanza la michezo, mwenye maswali mawili tu. Anataka kujua anunue rimu gani, na anunue kamera gani, ili gari lake nalo lipendeze pichani.

Jibu langu huenda likamkatisha tamaa, kwa kuwa kwa sasa simshauri anunue chochote. Achukue simu aliyo nayo, aegeshe gari mahali pa wazi penye ardhi iliyo sawa, arudi nyuma hatua kadhaa, achuchumae hadi simu ilingane na kimo cha taa za mbele, kisha apige picha ya ubavu mzima. Picha hiyo aitazame kesho yake, maana siku ileile mapenzi bado yanamziba macho. Hapo ndipo ataona gari linadai nini, na mara nyingi silo lile alilokuwa amekwisha kulipangia fedha.

Langu ni la kizazi cha kwanza, kile kilichozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Chicago mwaka 1989 na kuendelea kutengenezwa hadi 1997: injini ya lita 1.6, uzito usiofika tani moja, na taa za mbele zinazojificha ndani ya bodi na kuinuka unapoziwasha. Kizazi cha pili kiliziacha taa hizo, jambo ambalo mimi sijalisamehe. Nililitamani gari hili kabla sijawa na leseni, na nilipolipata hatimaye, boneti yake ilikuwa imepauka hadi ikakaribia rangi ya waridi. Rangi yake nyekundu ni ya tabaka moja, isiyo na vanishi juu yake, kwa hiyo nilipoanza kuisugua kwa polishi, kitambaa kilibadilika kikawa chekundu mkononi mwangu. Ilikuwa ni rangi iliyokufa ikitoka, na chini yake ile iliyo hai ikaanza kuchomoza, kipande kwa kipande, mpaka nikaiona taa ya gereji ikijitazama ndani ya mlango.

Ya katikati nayaruka, kwa sababu kusubiri vipuri na kulegeza boliti zilizoliwa na kutu si habari ya kumsimulia mtu.

Picha ya ubavu ndiyo iliyonionyesha kwamba gari langu lilikuwa limesimama kwa vidole. Nafasi kati ya tairi na tao lake, yaani ukingo wa bodi uliopinda juu ya gurudumu, ilikuwa kubwa, na rimu za inchi 14 zilikuwa zimezama ndani, hazionekani. Nilifunga springi fupi kidogo zilizolishusha kwa takriban milimita 25, nikaweka rimu za inchi 15 zenye tairi za 195/50 badala ya zile za 185/60 zilizokuja na gari (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo). Vipimo hivyo havikuchaguliwa kwa kubahatisha: tairi ya zamani ina kipenyo cha milimita 578 hivi na ile mpya milimita 576, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyi na gari huvuta katika kila gia kama zamani. Baada ya kulishusha, pembe za magurudumu zilipimwa na kurekebishwa upya, jambo ambalo wengi hulipuuza kisha wakashangaa tairi zinapolika upande mmoja. Anayejaza tao kwa rimu za inchi 17 ili picha ipendeze ajue kwamba uzito unaobebwa chini ya springi, ukiwamo wa rimu na tairi, ndio mgumu kuliko wote kuudhibiti, na gari jepesi linaloruka kwenye kila tuta limepoteza kile kilichotufanya tulipende. Kuhusu rangi, rimu nyeusi humezwa na kivuli cha tao na kuwa shimo tu pichani. Rangi ya fedha au ya shaba huonyesha kila njiti ya rimu.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu lina jeraha lake. Katika maonyesho fulani, mwamuzi mmoja alilizunguka gari langu, akafunga daftari lake na kusema mbele ya watu, "Hili bado halijaguswa." Kombe likaenda kwa gari lenye bawa la nyuma ambalo ungeweza kuanikia nguo. Nilitabasamu kama inavyopaswa, lakini sikulala vizuri usiku ule, na hadi leo neno lile hunirudia ninapolifuta vumbi. Kazi iliyofanywa kwa kipimo haionekani kwa anayetafuta kelele. Kijana wangu, ukilijenga gari lako ili mtu wa namna hiyo alione, utakuwa unalijenga upya kila msimu, na kila msimu utatumia fedha zilizopaswa kwenda kwenye breki.

Tuje kwenye kamera. Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hujifungua kupokea mwanga, na kufunga kichujio kwenye lenzi inatosha. Lenzi pana hurefusha pua ya gari na kulifanya lifanane na katuni, hivyo rudi nyuma utumie lenzi ya milimita 85 au zaidi. Zungusha usukani ili uso wa rimu ya mbele uielekee kamera, wala si meno ya tairi. Hakikisha hakuna nguzo inayoota kutoka kwenye paa.

Lakini kubwa kuliko yote ni kufahamu kwamba rangi ya gari ni kioo, na kwamba unachokipiga hasa ni kile kinachojitazama ndani yake. Jua la adhuhuri hutoa doa jeupe kwenye boneti na giza chini ya milango. Subiri jua lishuke, kisha lisogeze gari mpaka mng'ao wa anga ulale kwenye mstari wa bega lake, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Funga kichujio cha polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, na ukizungushe polepole huku ukitazama mlango: ukungu mweupe uliokuwa juu yake utahama, wekundu utajaa, na vioo vitaonyesha viti vilivyo ndani. Ukiendelea kukizungusha, mlango utarudi kung'aa na boneti ndiyo itakayotulia, kwa hiyo ni lazima uamue kipi kibaki. Kwenye kromu usikitegemee, maana mng'ao wa chuma kitupu hakiuwezi. Wenye magari mekundu wapunguze mwanga kidogo kuliko kamera inavyoshauri, kwa kuwa wekundu hufurika mapema na mikunjo yote ya bodi ikapotea, hata pale ambapo picha kwa jumla inaonekana sawa.

Kwa gari lililo mwendoni, shata ya sekunde 1/60 inatosha kuzifanya njiti zizunguke na mandhari yafutike, mradi ulifuate gari kwa kamera bila kusita, ukizungusha kiuno wala si mikono. Picha nyingi zitaharibika, na hayo ni ya kawaida hata kwa mabingwa. Anayeendesha asipige picha, na anayepiga picha asichomoze mwili dirishani. Nimewaona wanaojiita wasanii wakining'inia nje ya gari katika barabara yenye malori, na sanaa sikuiona.

Limebaki moja ambalo hunikera. Wako wanaolishusha gari kwa kompyuta, wakabadilisha rimu na kunyoosha bodi, kisha wakapokea sifa kwa gari ambalo halipo. Picha ndiyo mkaguzi wako, na ukiifundisha kusema uongo, nani atakuambia springi ya nyuma imelegea? Mimi hufuta namba za usajili na takataka za barabarani, basi. Mkwaruzo ukijitokeza kwenye bampa, nauacha pichani, kisha nalipeleka gari kwa fundi wa rangi.