Mtoto Mdogo Botini: Kazi Huanza Gatini

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake. Akiinamia ukingo wa boti kuchungulia maji, hupinduka, kichwa kikatangulia. Watu wazima husubiri kusikia kilio, lakini mtoto anayezama halii, maana pumzi ya kulilia hana. Chini ya dakika moja anaweza kuwa keshazama, na waliokaa hatua tatu kutoka pale wakawa bado wanazungumza.

Kwa hiyo jaketi okozi huvaliwa kabla ya kukanyaga gati, wala si baada ya boti kuondoka. Gatini kuna kamba za kujikwaa, mbao zenye utelezi na maji pande zote, tena ndipo wakubwa wanaposhughulika na mizigo.

Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa kilo, si kwa umri. Soma lebo: mengi ya wadogo huwa ni ya chini ya kilo 14 hivi, na yanayofuata ni ya kilo 14 hadi 23. Ile desturi ya kununua nguo kubwa ili mtoto aikulie, hapa iacheni kabisa. Jaketi kubwa likiingia majini hupanda juu, mtoto akateremka ndani yake. Tafuta lenye ukosi mnene wa kuegemeza kichwa, mkanda unaopita katikati ya miguu, na kishikio imara nyuma ya shingo cha kumnyanyulia. Rangi iwe ya chungwa au ya njano, kwa kuwa buluu na nyeupe hupotea kwenye mawimbi.

Ukishamfunga, shika mabega ya jaketi uyavute juu. Yakifika masikioni au kidevu kikizama ndani, kaza mikanda. Yakiendelea kupanda, jaketi hilo si lake. Kisha mjaribu kwenye maji tulivu ya kina kifupi, mikono yako ikiwa chini yake, uone kama analala chali uso ukiwa juu. Mtoto mwenye hofu hupigapiga miguu na kujigeuza kifudifudi hata kama jaketi ni zuri, basi rudia jaribio siku kadhaa mpaka azoee. Akivuliwa sweta, kaza upya, maana mikanda itakuwa imelegea. Yale maboya ya mikononi ni vitu vya kuchezea tu, na majaketi yanayojijaza gesi hayafai umri huu.

Wakati wa kupanda, usivuke ukiwa umembeba. Mtu mzima mmoja atangulie botini, asimame sawasawa, mwingine amkabidhi mtoto kwa mikono miwili. Aliyembeba mtoto hana mkono wa kujishikilia, na boti hupenda kusogea mguu mmoja ukiwa bado gatini.

Sasa suala la nani anamwangalia. Boti yenye watu wazima sita mara nyingi ndiyo ambayo mtoto hana mtu, kila mmoja akidhani mwenzake anamtazama. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo kwa jina, bila simu wala kinywaji cha kulevya. Akitaka kupumzika aseme, “Mtoto ni wako sasa,” na asiondoke mpaka ajibiwe, “Ninaye.” Nahodha hahesabiwi kamwe, macho yake yana kazi nyingine. Zamu iendelee hata boti ikiwa imetia nanga. Utulivu ule ndio unaolegeza watu.

Wavu wa kuzungushia ukingo unasaidia, mradi ufungwe juu na chini. Wengi hufunga juu tu, na mtoto hupita kwa chini akitambaa. Matundu yawe madogo yasiyoweza kuingiza mguu, la sivyo umemtengenezea ngazi. Vivyo hivyo sanduku la barafu lililowekwa kando ya ukingo: lisogezeni katikati, maana ni ngazi yake ya pili. Kwenye boti kubwa yenye sitaha, mkanda maalumu wa mwilini wenye kamba fupi unafaa, mradi kamba iishe kabla mtoto hajafika ukingoni. Kwenye mashua ndogo inayoweza kupinduka, usimfunge mtoto kwenye chochote. Hata kiti cha gari hakifai, maana kitazama naye.

Akae chini, katikati, mbali na omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Omo ndiyo inayoruka zaidi kwenye mawimbi, na anayeangukia mbele hupitiwa na boti pamoja na propela yake. Mtu akiwa majini, au anapanda kutoka majini, injini izimwe kabisa. Kuiacha bila gia hakutoshi, kwani mkono mmoja ukigusa gia, propela inazunguka.

Nyuma nako kuna moshi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu, na hujikusanya huko nyuma, shetri, injini ikiwa inanguruma taratibu. Mtoto huathirika upesi kuliko mkubwa. Akisinzia ghafla, akatapika au akalalamika kichwa, usikimbilie kusema ni bahari imemchafua: zima injini, mpeleke kwenye hewa safi, kisha mpelekeni kwa daktari mara moja.

Jua humpata mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Kofia iwe na kamba ya kidevuni, mafuta ya kukinga jua yarudiwe kila baada ya saa 2, na mpeni maji hata asipoomba.

Akianguka, anayemwona apige kelele na amnyooshee kidole bila kuondoa macho hata kwa sekunde. Mwingine arushe boya, nahodha aikaribie sehemu ile polepole na kuzima injini kabla hajamfikia. Atakayejitosa kumfuata awe amevaa jaketi lake. Zoezi lifanyeni mapema kwa dumu la lita 5 lenye maji nusu. Mtoto akitolewa hapumui, anzeni kumpulizia pumzi papo hapo, kisha kumkandamiza kifua, huku mmoja akiita msaada. Akitoka analia, bado mwangalieni saa kadhaa: akiendelea kukohoa, kuhema haraka au kulegea, ni hospitali, safari imeishia hapo.