Njia ya mwendokasi: barabara pana au barabara yenye abiria?

SWALI: Nipo idara ya mipango miji, na jiji letu limeanza kufikiria mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia yake. Tuna barabara mbili. Moja ni mpya na pana, haina nyumba za kubomoa, ila daladala zake ni za kuhesabu. Nyingine ni ya zamani, imebanwa na maduka, na asubuhi daladala zinafuatana kama siafu. Wakubwa wanataka ile mpya kwa sababu fidia ni ndogo. Tuanze kupima nini?

JIBU: Pimeni abiria kwanza, tepu ya kupimia upana mtaitumia baadaye. Awamu ya kwanza ya Dar es Salaam, iliyoanza kazi Mei 2016, ina kilomita 21 hivi: inatoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni, na ina matawi ya Gerezani pale Kariakoo na Morocco. Soko, maofisi na kivuko cha Kigamboni vyote vimeguswa. Njia isiyofika mahali watu wanakoshukia, hata ikijengwa kwa nusu bei, itabeba viti vitupu.

Kwa kila barabara chagueni vituo vinne hadi sita vya kuhesabia, hasa pale ruti zinapoungana kabla ya kuingia mjini. Wekeni watu wawili kila upande: mmoja anaandika ruti na aina ya gari, wa pili anakadiria ujazo kwa madaraja matano: tupu, nusu, wamekaa wote, wamesimama, wananing'inia mlangoni. Hesabuni Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha saa 10 jioni hadi saa 2 usiku.

Hapo kuna mitego miwili. Daladala hukatisha ruti wakati wa msongamano, kwa hiyo abiria mmoja anaweza kuhesabiwa katika magari mawili. Halafu wapo wanaogeuza na gari: wanapanda likienda mwisho wa ruti ili warudi wamekaa, na takwimu za upande wa pili zinavimba bure. Dawa ni kuwapandisha wadodosaji ndani ya magari, waulize safari imeanzia wapi na inaishia wapi.

Tuseme mmepata daladala 150 kwa saa upande mmoja, wastani wa abiria 25. Hao ni watu 3,750. Njia moja ya magari mchanganyiko yenye mataa hupitisha magari 800 hivi kwa saa. Hata mkiweka watu wawili kila gari, ni 1,600. Mabasi 60 ya mita 18, kila moja na abiria 120, yanabeba 7,200 katika upana huohuo. Kwa wakubwa, pelekeni gharama yote, fidia ikiwemo, ikiwa imegawanywa kwa idadi ya abiria. Gharama kwa kilomita ndiyo inayoipendelea barabara isiyo na watu.

Sasa upana. Penye kituo chenye nafasi ya basi kupita lingine mnahitaji njia nne za mabasi (mita 14), jukwaa (5), njia mbili za magari kila upande (13), baiskeli (4) na waenda kwa miguu (6). Jumla ni mita 42, kabla ya mitaro na kingo. Kati ya kituo na kituo mabasi yanatosheka na mita 7, hivyo 30 na kidogo zinatosha. Maana yake hamhitaji kubomoa barabara nzima. Tafuteni sehemu pana, zilizonyooka na tambarare kila mita 500 hivi, muweke vituo hapo. Kwenye kona basi refu haliwezi kuligusa jukwaa vizuri, na pengo linalobaki ni hatari kwa mtoto na kwa kiti cha magurudumu.

Msidharau njia ya kupitana. Basi likisimama sekunde 30 na yakaja 60 kwa saa, sehemu ya kusimama imeshikwa sekunde 1,800 kati ya 3,600, yaani asilimia 50. Wapangaji wa usafiri hujitahidi isizidi 40, kwa sababu zaidi ya hapo foleni ya mabasi huanza nyuma ya kituo. Bila sehemu ya pili ya kusimama na nafasi ya kupita, basi moja likiharibika linafunga njia nzima, na mabasi ya haraka hayawezi kuruka vituo.

Kwenye makutano, kila gari linalokunja kulia linakata njia ya mabasi iliyo katikati. Pangeni mapema wapi mtazuia kukunja kulia, na magari yatazungukia mitaa ipi. Hapo ndipo barabara yenu mpya inapopata kazi: ipokee malori na magari yatakayosukumwa kutoka ile ya zamani, hasa wakati wa ujenzi.

Karakana ipangwe pamoja na njia, isiachwe itafutiwe kiwanja mwishoni. Iwe karibu na kituo cha mwisho cha pembezoni, mabasi ya alfajiri yanakoanzia, ili yasitembee matupu. Na iwe mahali pa juu, mafuriko yasipofika: karakana ya Jangwani, Dar es Salaam, iliwekwa kwenye bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zimeifurikisha zaidi ya mara moja na kusimamisha huduma. Kabla ya kusaini chochote, waulizeni wakazi wa jirani maji yalifika wapi ukutani, mkapime alama hiyo kwa mashine.