Mafua kabla ya kupanda meli ya kitalii: jua kwanza unaumwa nini

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba zimebaki siku tano upande meli, pua imeziba, koo linawasha, na hujui kama uahirishe safari uliyoilipia zamani au umeze dawa kali upite langoni kimyakimya. Mimi na mke wangu tumesafiri kwa meli za kitalii mara kadhaa, na kwa kuwa kifua changu ni dhaifu tangu utotoni, swali hili limenikabili zaidi ya mara moja. Kwa niliyoyaona, mafua ya kawaida ni nadra kumzuia mtu kusafiri; kinachozuia ni magonjwa mengine yanayoanza kwa kufanana nayo. Kwa hiyo kabla ya kufikiria dawa yoyote, tafuta kujua ni kipi kati ya hayo kilichokupata.

Mafua ya kawaida huja polepole: koo kuwasha, chafya, kamasi, kisha kikohozi. Wengi hupona ndani ya siku 7 hadi 10, na uwezo wa kuambukiza huwa mkubwa zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo, ingawa kikohozi chenyewe kinaweza kubaki hata wiki tatu. Influenza haiji hivyo. Humwangusha mtu ghafla kwa homa kali, maumivu ya viungo na uchovu unaomlaza kitandani, na dawa zake za kupambana na virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kuonekana, kwa hiyo anayesubiri kuona kama hali itatulia yenyewe hupoteza nafasi hiyo. Korona nayo inaweza kujifanya mafua mepesi kabisa. Jipime leo kwa kipimo cha nyumbani, na hata kikionyesha huna, rudia baada ya saa 48, kwa sababu kipimo cha kwanza mara nyingi hukosa virusi ambavyo bado ni vichache. Usimsihi daktari akupe antibayotiki ili upone haraka. Dawa hizo hupambana na bakteria, wala hazigusi virusi vinavyoleta mafua.

Hata ukijisikia nafuu, ninakushauri umwone daktari kabla ya kusafiri na uondoke na barua yake. Niliwahi kufika bandarini nikiwa mzima isipokuwa kikohozi kilichogoma kuondoka, nikajaza ukweli kwenye fomu ya afya, nikapelekwa pembeni kwa muuguzi. Alinipima joto, akasikiliza kifua, akasoma barua ya daktari iliyoeleza tarehe ya kuanza kwa ugonjwa na matokeo ya vipimo, kisha akaniruhusu kupanda. Bila barua ile nadhani mazungumzo yangekuwa marefu zaidi, kwa kuwa muuguzi hana njia ya kutofautisha kikohozi cha wiki iliyopita na cha jana kwa kukutazama usoni.

Fomu hiyo kwa kawaida huuliza kuhusu homa, kikohozi, kutapika na kuharisha, na kati ya hayo kuharisha na kutapika ndiyo mambo yanayowatia wahudumu wa meli wasiwasi mkubwa. Sababu ni norovirusi. Chembe chache sana zinatosha kumwambukiza mtu, dalili hujitokeza saa 12 hadi 48 baadaye, na vitakasa mikono vyenye alkoholi haviviui vizuri virusi hivi, jambo linalowashangaza abiria wengi wanaopaka kitakasa mlangoni mwa ukumbi wa chakula na kudhani wamemaliza kazi. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka. Meli si chafu kuliko hoteli, kama baadhi ya watu wanavyopenda kusema. Tofauti ni kwamba meli hufuatiliwa. Nchini Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa cha CDC kina mpango wa usafi wa meli tangu miaka ya 1970, na hutangaza mlipuko pale asilimia 3 au zaidi ya abiria au wafanyakazi wanapoonyesha dalili za ugonjwa wa tumbo. Basi kama mafua yako yanaambatana na kuharisha, hesabu angalau saa 48 tangu dalili zilipokoma kabla ya kuchanganyika na watu, na wajulishe wenye meli mapema.

Kuhusu wazo la kupita kimyakimya, silipendi, wala si kwa sababu ya adabu peke yake. Mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama ikiwa na watu wapatao 3,700, na zaidi ya 700 kati yao walipatikana na korona. Tangu hapo kampuni za meli haziuchukulii ugonjwa wa kuficha kama jambo dogo. Anayegundulika baharini anaweza kufungiwa chumbani mwake, kulipia zahanati ya meli kwa gharama ambayo bima nyingi za nyumbani hazigusi, au kushushwa katika bandari ambako hakupanga kubaki.

Sasa dawa, ambako nimeona watu wakijiumiza bila kujua. Dawa nyingi za mchanganyiko za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake, na anayeongeza vidonge vya parasetamoli pembeni huweza kuvuka kwa urahisi kiwango cha gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na kinachoumia hapo ni ini. Soma maandishi ya paketi, si jina lake. Dawa ya kupulizia puani yenye oksimetazolini huzibua pua ndani ya dakika chache, lakini isiendelee zaidi ya siku tatu hadi tano, maana baada ya hapo pua huzidi kuziba kila dawa inapoisha nguvu. Sudoefedrini, dawa ya kumeza ya kuzibua pua, hupandisha shinikizo la damu na kufukuza usingizi, na nchi nyingine zina masharti juu yake: Japani, kwa mfano, hairuhusu kuingia na dawa ambayo kiwango chake cha sudoefedrini kinazidi asilimia 10. Jambo ambalo karibu hakuna anayelifikiria ni vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha bahari. Vingi, kama sinarizini na dimenhidrinati, ni vya jamii moja na klofeniramini iliyomo katika dawa nyingi za mafua, na ukimeza vyote viwili utasinzia mchana kutwa, au uyumbe kwenye ngazi za meli ukidhani ni mawimbi.

Kama utaruka kwa ndege hadi bandarini, pua iliyoziba kabisa ni tatizo la masikio, kwa sababu hewa haiwezi kusawazika nyuma ya ngoma ya sikio ndege inaposhuka. Pulizia dawa nusu saa kabla ya kuanza kushuka, meza mate mara kwa mara, usilale wakati huo. Kupiga mbizi ukiwa na mafua, sahau kabisa.

Bima ni fupi kuieleza: ile inayonunuliwa baada ya kuugua haitalipia ugonjwa huo. Ikiwa uliikata mapema, wapigie kabla ya kufuta safari, kwa sababu wengi hudai cheti cha daktari aliyekuona wakati bado unaumwa, na si maelezo ya baadaye. Angalia pia masharti ya tiketi, kwani makato ya kufuta safari huongezeka kadiri siku zinavyokaribia, na nyingi hazirudishi chochote katika siku za mwisho.

Ningeahirisha bila kubishana na mtu endapo ningekuwa na homa isiyoshuka kwa siku tatu, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, au homa iliyorudi baada ya kupata nafuu, kwa kuwa zahanati ya meli imeandaliwa kumtuliza mgonjwa hadi afike hospitali, na hospitali yenyewe inaweza kuwa mbali kwa siku nzima. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, mimba au umri mkubwa aamue mapema zaidi. Wewe hujatueleza kama una homa, wala kama mnasafiri na mzee au mtoto mchanga. Tuandikie hayo pamoja na matokeo ya kipimo, ili wenye uzoefu kunizidi waongeze yao.