Soma kabla hujabonyeza Y: maswali yenu kuhusu apt

Wiki hii nawajibu wanaotumia Ubuntu na Debian, wanaoweka na kuondoa programu kwa apt, yaani kwa amri za teminali. Neno `sudo` mwanzoni mwa amri huipa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta.

Naendesha `sudo apt update` kila siku, lakini LibreOffice yangu haibadiliki. Kwa nini?

Kwa sababu `update` huleta orodha mpya tu ya pakeji (programu zilizofungashwa tayari kuwekwa) zilizopo ghalani, yaani kwenye seva zinakopakuliwa. Mzigo wenyewe huletwa na `sudo apt upgrade`. Anza na ya kwanza, fuatisha ya pili.

Niliharibu mipangilio ya nginx, programu ya seva ya tovuti, nikaiondoa kwa `apt remove`, nikafuta na folda ya /etc/nginx. Nimeiweka upya, lakini haiwaki na faili za mipangilio hazipo.

Pole. `remove` huondoa programu na kuacha mipangilio yake ndani ya /etc, ili ukiirudisha uikute kama ulivyoiacha. Ulipoifuta kwa mkono, dpkg, ambayo ndiyo hufanya kazi chini ya apt, iliheshimu uamuzi wako: faili la mipangilio ulilofuta mwenyewe halirudishi. Andika `sudo apt purge nginx nginx-common`, ambayo huondoa programu pamoja na mipangilio yake, kisha `sudo apt install nginx`. Hiyo nginx-common usiiruke, maana mipangilio ni mali yake, si ya nginx.

Nilitaka Python mpya, nikaondoa ya zamani kwa `sudo apt remove python3`. Nilipowasha tena kompyuta nimekuta skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Kazi zangu zimepotea?

Hazijapotea, dada. Apt haigusi folda yako ya nyumbani; tulia kwanza, na usikubali mtu akufutie diski.

Python, lugha ya kuandikia programu, iliyokuja na Ubuntu inatumiwa na mfumo wenyewe. Programu nyingi za ndani zinaitegemea, na apt ikiondoa tegemeo huondoa pia kila kinacholitegemea. Ndivyo ilivyoondoka ubuntu-desktop, pakeji ya skrini ya madirisha, na wenzake. Na ilikuonya: kabla ya kuuliza Y au n, ilipanga majina yote chini ya neno REMOVED, au REMOVING kwenye apt mpya. Orodha hiyo ikiwa ndefu kuliko ulivyotarajia, jibu n.

Sasa ingia kwa jina lako na neno la siri, chomeka kebo ya mtandao, uandike:

`sudo apt update`
`sudo apt install python3 ubuntu-desktop`

Ikimaliza, fungua `less /var/log/apt/history.log`. Utaona mstari wa `Commandline: apt remove python3`, na karibu nao ule unaoanza na `Remove:`. Humo kimeandikwa kila kilichoondoka siku ile. Rudisha ambacho bado unakikosa.

Siku nyingine tanguliza `apt -s remove` na jina la pakeji. Hiyo `-s` ni majaribio tu: inaonyesha kitakachotokea bila kugusa chochote, wala haihitaji sudo. Mimi huitumia hata kwa pakeji ninazozijua vizuri. Python mpya iweke kando ya ile ya mfumo, usiing'oe ya zamani.

Naambiwa `Could not get lock`. Rafiki kanishauri nifute faili la kufuli.

Usilifute. Kufuli maana yake kuna programu nyingine inayoweka au kuondoa pakeji sasa hivi, mara nyingi ni unattended-upgrades, inayoweka masasisho yenyewe bila kuamriwa. Ukilifuta, programu mbili zinaweza kuandika kwenye kumbukumbu moja ya pakeji na kuivuruga. Subiri imalize. Kama umeme ulikatika katikati ya kazi, endesha `sudo dpkg --configure -a`, nayo itamalizia ilipoishia.

Bando langu limebaki MB 300. Nitajuaje kama programu itatosha?

Andika `sudo apt install` na jina lake. Kama inahitaji pakeji za ziada, apt itakutajia MB za kupakua na nafasi itakayochukua kwenye diski, kisha itasubiri jibu lako. Ukijibu n, haipakui kitu. Kama haihitaji za ziada, huanza bila kuuliza, kwa hiyo tazama kwanza ukubwa wake kwa `apt show`.