Barua kwa mwanangu: Azimio na kahawa ya Mbinga

Mwanangu Koku,

Sisi wazima, ni goti la mama yako tu linalosumbua. Swali lako nimelisoma mara mbili: kama Azimio la Arusha lilishazikwa, bado tunaweza kusema misingi yake ndiyo inayotufanya Watanzania?

Kuna sehemu ilikufa kweli. Azimio la Februari 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 kikao cha chama tawala, CCM, kule Zanzibar kikayalegeza hayo. Katiba bado inataja Ujamaa na Kujitegemea, ibara ya 9, kasome. Wala usidhani nazililia zama zile. Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na wapo waliovunjiwa nyumba.

Lakini mwaka huohuo nilipangiwa sekondari Songea. Mimi, Mhaya wa Bukoba! Meli hadi Mwanza, treni hadi Dar, kisha basi na vumbi lake. Likizo fupi ilipofika sikuwa na nauli, rafiki yangu Mmatengo akanichukua kwao Mbinga. Kesho yake mama yake akanikabidhi jembe, twende tukalime ngoro, yale mashimo yao ya mlimani yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Jioni tukabishana kahawa: yao arabika, yetu robusta. Nikatoa mfukoni zangu za kutafuna. Mama akaonja moja, akakunja uso, akaitemea motoni. Tulicheka mpaka uji ukaungua.

Ahadi ya TANU, chama tawala cha enzi zile, “binadamu wote ni ndugu zangu”, nilikuwa naikariri tangu shule ya msingi. Niliielewa kwenye moshi wa jiko lile. Kwa hiyo, mwanangu, naona misingi ile ilitushika pale tu ilipopewa nauli ya serikali, kitanda cha bweni na ugali wa mama wa mwenzako. Iliyoachwa kwenye karatasi iling'olewa kwa kikao kimoja.

Sasa mjukuu wangu anasoma shule ya basi la njano, na wenzake wote wanatoka mitaa mitatu ya hapo kwenu. Sikulaumu, hata mimi ningempeleka hukohuko. Ila Desemba nileteeni. Yule rafiki yangu bado yuko Mbinga, na juzi kwenye simu aliniuliza kama nina mjukuu anayejua kushika jembe.

Baba yako